Barafu Haitaki Madoido

Nilikwenda shule ya usiku kutafuta Kiingereza, nikatoka na fidla. Mchana nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka moja la Stratford Road, Birmingham, ambako Kiingereza unachokihitaji ni cha kutaja yadi na kukataa kupunguza bei, na wateja wenyewe wanakusemesha Kiurdu, Kisomali na Kiswahili cha kila pembe, cha Mombasa, cha Bukavu, mpaka ikifika jioni ulimi umechoka kama umepanda mlima. Basi nikajiandikisha. Wiki ya pili nikapita mbele ya darasa la jirani, nikasikia nyuzi zinalia mle ndani. Nikachungulia. Mwalimu wa Kiingereza nadhani mpaka leo ananingojea.

Fidla haikuwa ngeni kwangu. Marehemu baba alikuwa akipiga kwenye klabu ya taarabu Unguja, nami nilijifunza kwa kumtazama mkono tu, bila ya karatasi wala kuelezwa. Kusoma nota ndiko nilikofundishwa Birmingham, na nilipopata cheti nilikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila ya kukitazama. Hata fundi aliyekuja kutengeneza boila alikisoma chote, na alinipongeza. Nilimsimamia mpaka akanipongeza.

Baada ya cheti niliendelea na kikundi cha nyuzi cha shule ile, watu wazima wa kila kazi. Ndipo akatujia mtunzi wa muziki kutoka kaskazini kabisa ya Norway, mwanamke mrefu wa kufikia taa bila ya ngazi, mpole, asemaye kidogo kana kwamba maneno nayo yanaganda huko kwao. Alikuwa ametunga kipande kipya juu ya ziwa linaloganda na kuyeyuka, na alitaka sisi tukipige mara ya kwanza.

Jamani, muziki ule. Hauna wimbo wa kuushika ukaenda nao jikoni. Selo zinaanza chini, polepole, kama maji yanayotembea gizani chini ya barafu. Juu yake fidla zinakwaruza kidogo, upinde ukikaribia kabisa ule ubao unaobeba nyuzi, unasikia kama umande unavyoganda kwenye kioo cha dirisha. Siku ya kwanza nilidhani tunakaza nyuzi bado hatujaanza. Siku ya tatu nilikuwa navaa koti ndani ya ukumbi, na hita imewashwa. Mwisho wa kipande, vyombo vinanyamaza kimoja kimoja mpaka inabaki fidla moja, na nota moja, juu kabisa, nyembamba kama unywele, inakwenda, inakwenda, mpaka inajiishia. Hiyo ndiyo barafu ya mwisho ambayo haijayeyuka.

Mtunzi alitujaribu sote kwenye nota hiyo, akanichagua mimi. Alisema upinde wangu hauna mwisho.

Kabla sijatoka kwenye jengo nilishampigia simu shangazi yangu, dada yake baba, anayekaa Sparkhill. Kufika Ijumaa habari zilishavuka mji mpaka Lozells na kurudi zimenenepa: ati okestra imeundwa kwa ajili yangu, na Mzungu amepanda ndege kunitafuta. Sikukanusha. Kukanusha habari njema ni kukosa adabu.

Tatizo likawa kidole. Kwenye taarabu hutui juu ya nota kama jiwe. Unaijia kwa mtelezo, unaitikisa, unaizungusha, unaiaga, halafu unaigeukia tena. Hayo ndiyo madoido, na mtu asiyekuwa nayo hata harusini kwake hapewi fidla. Kidole changu kilikuwa kikigusa uzi tu, kinacheza. Mtunzi ananisimamisha, ananiomba tena, nacheza tena. Akaniambia kwa upole kwamba barafu haitaki kupambwa. Nikamwambia naelewa. Kidole hakikuelewa.

Mwalimu wetu wa muziki, Mwingereza, mwishowe akanivuta pembeni, na kwa ule upole wa Kiingereza unaokuchinja huku unakupangusa jasho, akanieleza kwamba ikiwa mpaka mazoezi ya mwisho nota haijatulia, atampa daktari wa meno mstaafu aliyekaa kiti cha pili, kando yangu. Mtu mwema kabisa yule daktari, na nota yake ilikuwa imenyooka kama keekee ya kutobolea meno. Ndicho kilichoniumiza.

Nikafanya mazoezi jikoni asubuhi na jioni. Jirani akabisha hodi, akanishauri nibadilishe betri ya king'ora cha moshi. Shangazi naye alipokuja kusikiliza alikunja uso tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema fidla isiyotikisika ni ya maiti, na kwamba kaka yake asingekubali. Kisha akauliza onyesho ni saa ngapi, maana wanawake wenzake wameshashona nguo.

"Na kama hawakunipa, shangazi?"

"Watakupa," akasema. "Mimi nimeshawaambia watu."

Hapo nikaona mlango wa kurudi nyuma umefungwa, na ufunguo anao yeye.

Januari ikaingia na baridi ya kuvunja meno, na mtunzi akatualika Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la bustani, ukishuka kutoka mtaa wa Moseley. Bwawa lilikuwa limeganda lote. Bata wamesimama juu yake kwa aibu, kama watu waliokuta duka limefungwa. Mtunzi akatuambia tusiseme kitu. Akaokota kijiwe, akakirusha juu ya barafu, kikaruka, kikagonga, kikaruka tena.

Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia duniani. Si sauti ya jiwe. Ilikuwa "pyuuu," inaanzia juu sana na kushuka kwa kasi, kila kijiwe kilipogonga, mpaka ng'ambo ya pili. Wenzangu wakafumba macho. Mimi nikayafumbua zaidi, maana nilikuwa nimesikia kitu ninachokijua.

"Samahani, dada," nikamwambia. "Barafu yako nayo inateleza."

Akanitazama. Akaokota kijiwe kingine, akakirusha, akainamisha kichwa kusikiliza. Pyuuu. Halafu akacheka, mvuke ukamtoka kama birika.

"Inateleza," akakubali. "Siku zote inateleza. Mimi nimezaliwa nayo, nimeacha kuisikia."

"Basi niachie."

Daktari wa meno pembeni alikuwa anajipulizia vidole. Mtunzi akasema, "Mara moja. Unaingia kwa kuteleza, kutoka juu, mara moja tu. Halafu unakaa."

"Nakaa vipi?"

Akanyoosha mkono kwenye bwawa. Kijiwe kilikuwa kimeshasimama, sauti imeshakwisha, na barafu iko pale pale, haina habari na mtu.

Nilikwenda nyumbani nikafanya kazi hiyo hiyo moja, kuteleza na kukaa. Kuteleza ni kwetu. Kukaa ndiko kulikonitoa jasho la mwezi mzima. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana mimi na barafu, na kidole kikishapewa haki yake kidogo huwa kinatii. Kwenye mazoezi ya mwisho niliteleza, nikakaa, na mwalimu akageuza ukurasa bila ya kusema neno. Kwa Mwingereza hiyo ni vigelegele. Daktari wa meno akanipa peremende.

Onyesho lilikuwa kwenye kanisa moja kubwa la Moseley lenye ukumbi wa mawe. Shangazi aliingia na kikosi. Makoti ya baridi juu, chini hariri na kanga mpya zinametameta, na harufu ya udi iliyotangulia mbele yao ikafika madhabahuni kabla ya wao kupata viti. Walikaa safu ya mbele yote. Wenyeji wa Moseley wakasogea kwa heshima, kama vile mabalozi wamewasili.

Yako mambo ya kwetu ambayo huwazi kumwonya mtu, kwa vile humwonyi mtu kupumua. Kwenye taarabu, kipande kikikuchoma moyo, hukai ukakunja mikono. Unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, mkono juu na noti kwenye vidole, unamtuza mpigaji. Na mpigaji akishatuzwa naye hulipa. Anazidisha madoido, anarembesha, anakujibu. Kutuzwa ukanyamaza ni sawa na kuamkiwa shikamoo ukageuza uso.

Kipande kikaenda vizuri kuliko siku zote. Maji yalitembea chini ya barafu, kioo kikaganda, watu wakajifunga skafu. Vyombo vikaanza kunyamaza. Selo. Besi. Daktari wa meno akashusha upinde wake. Nikabaki mimi.

Nikaingia kutoka juu, nikateleza mara moja, nikakaa.

Nota ikasimama angani mle kanisani kama uzi wa buibui. Hata kukohoa hakukuwapo. Na katika kimya hicho nikasikia kiti kinalia, kisha hariri, kisha bangili. Shangazi ameinuka.

Anakuja. Taratibu, mabega yanacheza, mkono juu, noti inapepea, uso umejaa fahari ya ukoo wetu wote. Kwa pembe ya jicho nikamwona mwalimu anakuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Mtunzi, aliyekaa pembeni, hakutikisika. Shangazi akafika, akanizunguka nusu, akaichomeka noti kwenye ukosi wangu. Halafu akasimama mbele yangu, ananingojea.

Ananingojea nimlipe. Kila mfupa wangu ulikuwa unajua deni hilo ni la namna gani. Kidole kilikuwa juu ya uzi kinawaka kama kimeshika mkaa. Kutikisa kidogo tu, kidogo, na shangazi angefurahi, na baba huko aliko angefurahi, na barafu ya watu ingeyeyuka papo hapo mbele ya Moseley nzima.

Nikamtazama shangazi machoni, na nikakaa.

Sijui kilichomfikia. Kwanza mabega yake yalipunguza kucheza. Kisha mkono ukashuka. Kisha akatulia kabisa, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeinama upande wa fidla, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mbali sana nje. Tukakaa hivyo, mimi na yeye na ile nota, na naapa kwamba ndani ya pumzi ile mito yote ya kaskazini ilisimama, na mabasi ya Stratford Road nayo, ingawa hilo la mabasi sina shahidi. Nikaufuata upinde mpaka ncha yake. Nota ikawa nyembamba, ikawa karibu haipo, ikawa haipo. Sikuitikisa hata wakati wa kuaga.

Hakuna aliyepiga kofi. Hakuna aliyethubutu. Shangazi ndiye aliyevunja kimya, kwa sauti ya chini, lakini mawe ya kanisa lile yaliichukua mpaka mlangoni.

"Rudia, mwanangu."

Ndipo makofi yakaja. Yalikuja kama paa linaporomoka. Kikosi cha safu ya mbele kikapiga vigelegele, na mzee mmoja wa Kiingereza nyuma yao, kofia mkononi, akajaribu kuwafuata akatoa mlio wa jogoo mgonjwa, lakini alijaribu. Daktari wa meno alinishika mkono wa upinde akautikisa mpaka nikaogopa atauchomoa begani.

Mwalimu akaniinamia, akaniuliza mama yule amesema nini. Nikamwambia anaomba tena. Akaeleza kwamba kwa kipande kama hiki haifanywi hivyo, halafu akageuka kumtazama mtunzi, aombe kuungwa mkono. Mtunzi alikuwa amesimama. Macho yake yamelowa, na alikuwa anamtazama shangazi, si mimi. Akainua kidole kimoja: mara moja.

Shangazi hakurudi kwenye kiti. Alisogea hatua moja tu kunipa nafasi ya kiwiko, akakusanya kanga yake, akasimama wima pale pale kando yangu kama mwenye nyumba. Watu wakakaa. Wenzangu wakaweka vyombo magotini, maana mwisho ule ni wa mtu mmoja.

Nikapaka upinde wangu ulimbo taratibu, wangoje. Kisha nikapeleka kidole juu kabisa ya uzi.