Edith Akeyo na Kura ya Kiwanda cha Samaki

Kwa miaka sita Edith Akeyo alichuna mbuta katika kiwanda kimoja cha samaki huko Homa Bay, na miaka hiyo yote alikuwa kibarua. Kila asubuhi vibarua walisimama langoni, naye Oliver, msimamizi wa wafanyakazi, akawanyooshea kidole: wewe, wewe na wewe. Aliyerukwa alirudi nyumbani, au alizunguka nyuma ya kiwanda kununua mgongowazi, ile mifupa inayobaki samaki akishatolewa minofu, akaikaange na kuiuza sokoni. Oliver alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwa hiyo Edith hakurukwa mara nyingi. Lakini kidole cha shemeji si ajira. Alichotaka ni kuandikwa kazi ya kudumu, ili siku akiugua aweze kulala bila kufikiria kwamba nafasi yake imekwenda na mwingine.

Wenzake walimwita Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, kwa kuwa alizaliwa huko, nao walimwogopa kidogo. Ndiye aliyeongoza kikundi chao cha mazishi, na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali mpaka mtu aone haya kudanganya. Hata pasta wake alifupisha mahubiri akimsikia anakohoa.

Mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, akaja mtu wa yunioni, chama cha wafanyakazi, kutoka Migori, jina lake Kerosi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliwakusanya wafanyakazi katika ukumbi wa kanisa, akawaeleza kwamba kutapigwa kura kiwandani, na wengi wakiitaka yunioni, mwajiri amekubali kuketi nayo mezani. Kisha akawaambia waulize.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mellen, rafiki wa Edith, ambaye yeye alikuwa ameandikwa kazi ya kudumu.

"Mtu akifia Nairobi," aliuliza, "hiyo yunioni italeta mwili nyumbani?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Kerosi. Mshahara mdogo mtu huuzoea, lakini kuzikwa ugenini ni aibu ya ukoo mzima.

Kerosi angeweza kuwapa jibu tamu. Watu wa aina yake hawalikosi. "Hapana," akasema. "Yunioni haiziki. Inamsemea aliye hai."

"Yawa!" mtu akaguna huko nyuma, na nusu ya kina mama wakaanza kukunja leso zao waende zao.

Habari zikamfikia Oliver. Kabla ya wiki kwisha akatangaza kwamba yunioni ikikataliwa, kiwanda kitaanzisha mfuko wake wenyewe: jeneza, lori, na mafuta ya lori, vyote bure. Watu wakachangamka utadhani wote wana safari ya kufa kesho.

Edith alikasirika. Alikuwa amezika wengi, naye alijua kuwa jeneza ni kitu rahisi sana kuahidi, maana aliyeahidiwa harudi kudai. Lakini hakumwamini Kerosi pia. Mtu mkweli anaweza kuwa mkweli na bado asikufae. Kwa hiyo akapanda gari hadi Migori, akamkuta katika ofisi yake ndogo juu ya duka la vitambaa la Bashir, akamketisha kwa maswali mpaka chai ikapoa.

Aliporudi, akawa anawaeleza wenzake kisu kikiwa mkononi. "Yunioni haina kitu mfukoni cha kuwapa. Mkiikubali mmepata nafasi ya kuomba mkiwa wengi, basi. Mnaweza kupewa kidogo, mnaweza kunyimwa. Ada itakatwa kila mwezi, lakini mpaka wewe mwenyewe uweke sahihi. Viongozi mnawachagua, na wakilala mnawatoa. Mgomo hauitishwi kwa hasira ya mtu mmoja. Na mtu akikuuliza umepigia nini, mwambie aulize mkewe."

"Na mazishi?" Mellen akauliza.

"Mazishi si tunajizika wenyewe? Ni lini Oliver alinunua hata msumari?"

Siku ya kura Oliver alitaka watu wapange foleni uwanjani, wanaoitaka yunioni huku, wanaoikataa kule. Edith alipaza sauti. "Kura ya mlolongo hata serikali imeiacha, shemeji!" Watu wakacheka, na sanduku likaletwa. Edith akajipanga mbele kabisa. Hapo ndipo ofisa wa kazi wa serikali, aliyekuja kusimamia kura, alipowaomba vibarua wasimame kando. Kura ile, alisema, ni ya walioandikwa tu.

Mganga hajigangi. Edith alikuwa ameuliza kila kitu kwa ajili ya kila mtu, isipokuwa kama yeye mwenyewe anahesabiwa. Aliona haya, haya ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke. Akarudi ndani kuchuna samaki huku wanafunzi wake wakipiga kura.

Yunioni ilishinda. Kerosi akaja kukutana na wanachama ukumbini, wakubaliane waanze na dai gani, na vibarua wakasikiliza dirishani. Mmoja alisema vibarua waandikwe kwanza. Mellen akasimama.

"Tuanze na mshahara. Vibarua wangoje. Wao si wanachama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli tupu, na ndiyo maana ilimchoma Edith kuliko tusi.

Kerosi alipotoka alimkuta mlangoni. "Kibarua akilipa ada yake," Edith akasema, "nani atamkataza kuwa mwanachama?"

Kerosi akajikuna shingo. "Hakuna."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Wiki ile Edith alitembea nyumba kwa nyumba. Vibarua walikuwa wengi kuliko walioandikwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, pengine kwa sababu hawakuwahi kuwa pamoja mahali pengine ila langoni, kila mmoja akiomba mwenzake arukwe. Karibu wote waliweka sahihi kujiunga na yunioni.

Jumatatu kidole cha Oliver kilimruka Edith. Wewe, wewe na wewe. Waliochaguliwa hawakusogea. Akachagua wengine, nao wakabaki wamesimama. Lori la mbuta kutoka upande wa Mfangano lilikuwa limeshafika, na maji ya barafu yalikuwa yakidondoka vumbini. Oliver alilitazama lori, akawatazama watu, kisha akamsogelea Edith na kushusha sauti.

"Shemeji, usinitie aibu mbele ya watu. Ingia basi."

"Nitaingia," Edith akasema, kwa sauti iliyosikika langoni pote. "Niambie kwanza, naingia kama nani?"