Sabuni ya Winifrida

Pijo ya Mzee Mbaruk ilirudi gereji katika mtaa wa Gerezani mara ya tatu ndani ya wiki moja. Ikisimama inatetemeka kama mwenye homa. Ukikanyaga mafuta inasita, inakohoa, ndipo iondoke.

"Huyu binti yenu ataniulia gari," Mzee Mbaruk alimfokea Theophil, mwenye gereji.

"Leo mwisho wake, mzee. Isipopona, kesho anarudi kwao Kibosho akapalilie kahawa."

Winifrida, binti mwenyewe, aliyasikia yote kutoka uvunguni mwa gari la pembeni, damu ikamchemka. Mara zote mbili Pijo ile ilifunguliwa na Theophil mwenyewe! Yeye, aliyefuzu ufundi Jeshi la Kujenga Taifa, kazi yake ilikuwa kuosha spana. Kila akiomba kushika injini, Theophil humjibu, "Cheti chako kipo kwenye droo, nitakisoma nikipata nafasi." Nafasi ya kumbebesha lawama tu ndiyo aliyoipata.

Akajivuta nje. "Shikamoo mzee. Naomba uiwashe."

"Marahaba," akaitikia kwa shingo upande, akawasha.

Winifrida akakagua: plagi zote zilitoa moto, petroli ilifika, na kabureta ilikuwa safi. Basi injini inavuta hewa isiyotakiwa mahali, akawaza, na mahali penyewe ni pale alipopagusa Theophil, chini ya kabureta. Akatoa mkobani kipande cha sabuni ya mche alichokipangia foleni tangu alfajiri. Mwaka ule wa themanini na moja sabuni ilikuwa dhahabu, na roho ilimuuma kweli. Akakilowesha, akakandika kwenye maungio pande zote ili hewa isipite.

Injini ikatulia. Mzee Mbaruk akakanyaga mafuta. Haikusita hata kidogo.

Winifrida akaizima, akafungua kabureta. Gasketi za dukani, za kuziba maungio, zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo Theophil alikata yake kwa karatasi ngumu. Ilikuwa imelowa, imechanika upande. Kukata gasketi si kosa, Gerezani nzima walikata. Lakini hii ilikuwa na maandishi ya taipu, na Winifrida akayasoma mara mbili.

Akampa Mzee Mbaruk. "Ndugu Theophil hajapata nafasi ya kukisoma. Msomee, mzee."

"'...nifrida... amefuzu... ufundi wa injini.'" Mzee Mbaruk akamgeukia Theophil, asiamini macho yake.

"Sasa nataka karatasi ngumu nikate gasketi nyingine," Winifrida akasema. "Ndugu Theophil, lete cheti chako."

Theophil hakuwahi kuwa na cheti chochote.