Maji Kinywani mwa Baba

Asubuhi ile dada yangu alisimama nje ya ua wa minyaa, na hakuna aliyemwambia aingie, kwa kuwa aliyemkataza alikuwa bado hai ndani ya nyumba, amelala kwa ubavu, nusu ya uso wake imelegea.

Nilikuwepo alipokatazwa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya kati, niko nyumbani kwa likizo, tulipopata habari kwamba dada amekwenda kuolewa ng'ambo ya Tunduma, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na mtu mwenye mke tayari. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Dada alipokuja kusalimu, alimkuta anatandaza kahawa kichanjani. Baba hakuinua sauti. Alisema, “Uwanja huu hutaukanyaga tena kamwe, maadamu mimi napumua.” Kisha akaendelea kutandaza kahawa.

Kwetu Mbozi, neno la mzazi lililosemwa kwa uchungu halifutiki kwa kupita miaka. Hukaa kooni mwa aliyelisema mpaka siku atakapoeleza, mbele ya yule aliyeambiwa, ni kitu gani hasa kilichomuuma, akatia maji kinywani, akayapuliza chini. Hapo neno limetoka. Lisipotoka, anayelivunja huhofiwa kupatwa na baya, yeye au watoto wake. Dada alikuwa na watoto. Ndiyo maana kila alipotujia aliishia kwenye ule ua, mama akampelekea chakula hapo; na mama alipofariki, dada aliyatazama mazishi kupitia matawi ya minyaa.

Kulikuwa na neno jingine, la zamani kuliko hilo. Siku ya ubatizo wake baba alisimama mbele ya watu wote akataja mambo ya kale atakayoyaacha, na kupuliza maji lilikuwa mojawapo. “Sitapuliza tena kamwe,” alisema, na hakupuliza. Ili kumfungulia binti yake, basi, ilimpasa avunje ahadi aliyompa Mungu.

Itakuwa dhuluma nikiyaeleza maneno hayo kama ugonjwa. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyotulea. Wadudu walipoishambulia kahawa yake ya kwanza, majirani waling'oa miche yao wakarudi kwenye ulezi. Yeye alisema hatang'oa kamwe, akabaki anachokonoa mashina kwa waya, mti baada ya mti, huku wakimcheka. Kahawa ile ndiyo iliyonipeleka shule. Aliponisindikiza kwenda mbali zaidi, alisema, “Mtoto wa nyumba hii hashindwi.” Nililibeba neno hilo mpaka chuo kikuu cha ng'ambo, na kwa muda mrefu lilinibeba mimi pia.

Kisha likaniangukia. Mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu alikuwa akikata kila “daima” na kila “hakuna” niliyoandika, akiniuliza kwa upole nimejuaje. Alikuwa sahihi, nami nilijifunza vizuri mno: kila sentensi niliyoianza niliiona na dosari yake kabla sijafika mwisho. Nilifuta mpaka nikawa sina la kusema. Ndipo asubuhi moja, katika chumba chenye baridi, nilijisikia nikisema kwa sauti, “Siwezi kabisa.” Maneno yote ya mkato yalikuwa yameondoka kwenye kurasa zangu, na hilo moja lilikuwa limehamia ndani. Sikufungua kitabu tena. Habari ya kiharusi cha baba ilipofika, niliomba ruhusa nirudi nyumbani, na sikumwambia mtu kwamba nilikuwa na sababu ya pili.

Aliyeleta maneno kutoka kwenye ua wa minyaa hadi kitandani alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke asiyemwogopa ndugu yake wala mchungaji.

“Mdogo wangu,” alimwambia, “mtoto yuko nje.”

“Najua. Nasikia anavyokohoa.” Maneno ya baba yalitokea upande mmoja wa mdomo.

“Basi mwite.”

“Nilisema.”

“Ulisema. Hata mimi nilisema sitakula tena samaki wa Kamsamba, na Jumapili nimekula wawili.”

Ule upande wa uso uliokuwa hai ulitaka kucheka, ukaacha. “Nikipuliza, nimemdanganya Mungu. Nisipopuliza, atasimama nje ya ua siku ya kunizika, kama alivyosimama siku ya kumzika mama yake.” Akanigeukia. “Wewe umesoma. Sema.”

“Baba,” nilianza, “inategemea ahadi ile tunaielewa vipi, maana huenda...”

“Mwacheni huyo,” shangazi akasema. “Tangu arudi, ukimwuliza kama ugali umeiva, anakwambia inategemea.”

Mwishowe baba alikubali kusema neno moja tu, bila maji, nami nikaenda kwenye ua. Nilimwambia dada kwamba baba yuko tayari kusema “ingia,” na kwamba tungeomba pamoja, yakaisha.

“Mdogo wangu, si kiburi,” alisema. Usiku alikuwa amelala kijijini Chapwa kwa ndugu wa mumewe, na vumbi la lori lilikuwa bado kwenye kanga. “Kuomba nimeomba miaka yote hii. Lakini akisema tu ingia, lile neno la kwanza litakuwa limekwenda wapi? Mimi nina watoto.”

Nilimpelekea baba jibu hilo jinsi lilivyo. Aliushika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, kama anayetaka kuinuka. Kisha akasema, “Nitoeni nje. Mungu nitamwona hivi karibuni, nitamweleza mwenyewe. Mtoto sitampata tena.”

Tulimbeba kwa kiti mpaka uwanjani, tukamweka aelekee ua. Shangazi alileta maji kwenye kata ya kibuyu. Baba alimtazama dada, akasema, akiyatafuta maneno, “Uliondoka bila kuniaga. Niliamka nikakuta hupo. Hilo ndilo lililoniuma. Habari ya mke wa pili niliiongeza, kwa sababu ilikuwa rahisi kuisema kanisani.”

Shangazi alimnywesha. Shavu zima likajaa, lile jingine likaning'inia. Nilikuwa nimemshika bega, nikauona mdomo wake kwa karibu kuliko mtu yeyote. Maji yalipita pembe iliyolegea, yakashuka kidevuni, yakalowesha shati, yakadondoka chini. Je, alipuliza? Au misuli iliyokufa ilishindwa tu kuyazuia? Sikusikia pumzi, ila upepo ulikuwa unavuma.

“Yametoka,” shangazi akasema.

Dada hakumwamini; alijua shangazi angesema hivyo kwa vyovyote. Alinitazama mimi. “Wewe uko karibu. Yametoka?”

Kila nilichofundishwa kilinitaka niseme kwamba ushahidi hautoshi. Baba naye alikuwa ananitazama, maji yakimchuruzika shingoni, na sikuweza kusoma jicho lake.

“Yametoka yote,” nilisema.

Dada akavuka. Alitembea kama mtu anayepita juu ya daraja asilolijua, akafika, akapiga magoti, akamfuta baba kidevu kwa ncha ya kanga. Wakati wa kumzika baba, dada hakuwa nje ya ua. Hata hivyo, kila ninaposikia kwamba mmoja wa watoto wake anaumwa, narudi kwenye ule mdomo, natafuta pumzi ambayo sikuisikia.

Baada ya mazishi, siku ya kuondoka kurudi chuoni, alfajiri, nilikwenda nyuma ya nyumba na kata ileile. Nilitaka kulitoa lile neno nililojisemea ng'ambo. Nilitia maji kinywani, nikatafuta ni kitu gani hasa kilichoniuma, maana ndivyo inavyotakiwa, na kila jibu lililonijia lilikuwa na dosari yake. Barabarani lori likapiga honi. Nikayameza maji, nikaenda kulipanda.