Barua Iliyorudi na Maneno Yangu Yote

Nilimpelekea mama jibu la barua pepe bila kulisoma. Ndiyo, mimi, bingwa wa kujisifu Kibirichia nzima kwamba najua kompyuta.

Mama alikuwa amenituma Meru mjini nimwandikie kaka yake aliye Amerika aje kwenye mahari ya dada, kwa sababu bila mjomba wakwe hawapokelewi. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye duka la intaneti mjini, nikakuta barua mpya, na ndani nikaona jina la mjomba. Nikajua amejibu. Mhudumu wa duka akaichapisha, nikaikunja, nikakimbia nyumbani kama mbunge aliyeshinda.

Mama hajui kusoma, lakini alifurahi hadi akawaita wakwe Jumamosi. Mbele yao wote akampa dada karatasi. "Soma, Kendi, tusikie mjomba."

Dada akasoma: barua haikufika, anwani hiyo haipo. Nikafikiri aibu imeishia hapo. Kumbe ile mashine ikishindwa kufikisha barua, inakurudishia na maneno yako yote hapo chini! Nani aliiomba, jamani?

Dada akaendelea bila huruma: "Mjomba, usisumbuke kuja. Mama amevunjika mguu. Hiyo nauli ya ndege ninunulie raba nyeupe, namba nane, niwe nikikimbia kumletea dawa."

Wakwe wote wakatazama miguu ya mama. Alikuwa amesimama wima, ameshika sufuria ya mukimo, vile viazi vya kupondwa. Akaiweka chini polepole.

"Sawa, Mwenda," akasema. "Kwa vile mimi nimevunjika mguu, viazi vya shamba lote utavichimba wewe."