Mfuko Ulipanda, Mimi Nikashuka

Mimi na mke wangu tulinunua vipande vya mfuko mmoja wa hisa, siku moja, kiasi kilekile kila mtu. Tulichotaka ni mashine ya kukoboa mpunga, ifungwe kijijini kwao mke wangu, Kasansa, kabla sijastaafu ualimu, ili uzeeni tusiwe watu wa kuwapigia watoto simu za kuomba. Mimi nilikuwa na simu kubwa na shahada. Yeye alikuwa na kisimu cha kitochi na jembe. Basi nikajipa uongozi.

Haikupita miezi mitatu, bei ya kipande ikashuka. Sisi walimu wawekezaji wa Mpanda tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, na siku hiyo lilikuwa msiba mtupu. "Jamani tokeni, hela inaungua!" Nikauza vyote. Nikamwambia na mke wangu auze.

"Kwani mpunga ukishuka bei huwa unafanyaje?" akaniuliza huku anapepeta mchele.

Swali gani hilo! Mpunga ukishuka unafunga ghala, unatulia. Kila mwaka nawacheka majirani wanaouza wakati wa mavuno, halafu Januari wananunua mchele kwa bei ya kuruka. Kwao mke wangu ufunguo wa ghala anakaa nao mama, na hakuna anayeruhusiwa hata kuchungulia mpaka mvua zikolee. Baba mkwe mwenyewe hubisha hodi. Lakini hisa ni mambo ya kisomi, bwana! Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Akaitikia, "Sawa, Mwalimu," na hakuuza kitu.

Bei ikapanda. Nikasubiri ishuke ndiyo nirudi, ikazidi kupanda. Kundi likafufuka, watu wanarushiana picha za faida zao, roho ikaniuma. Nikarudi kwa mbwembwe, bei ikiwa juu kabisa, nikapata vipande vichache kuliko nilivyouza. Ikayumba tena, nikatoka tena. Miaka minne nilikuwa naingia na wanaoshangilia, natoka na wanaolia. Darasani nilifundisha asilimia, tena kwa ukali, huku akili yangu iko kwenye simu.

Mwaka huu mke wangu aliniomba nimwangalizie salio lake. Nikalisoma mara mbili, masikio yakapata moto. Kumbe ukitoa zile yumbayumba zake, mfuko ulikuwa umepanda vizuri miaka yote ile, na ni mfuko uleule niliokuwa naukimbia. Hela yake ilitosha mashine na kuisafirisha. Yangu ilikuwa pungufu hata ya ile niliyoanza nayo.

"Hongera," nikasema. "Umebahatika." Mungu anisamehe, nilisema hivyo kweli.

Mashine ikafika Kasansa kwa lori, kijiji kizima kikatoka. Shemeji yangu akaizunguka, akaipigapiga ubavuni, akauliza mbele za watu ni ya nani. Niliinamisha kichwa nikijiandaa kuumbuka.

"Ya Mwalimu," mke wangu akajibu haraka. "Si ndiye aliyetuonyesha mambo ya hisa?"

Watu wakanipa mikono, wengine wakaniita tajiri, nami nikaipokea yote. Jirani mmoja akanivuta pembeni, ila si mbali, akataka nimwambie siri ya mafanikio hayo ni nini hasa.

"Uvumilivu," nikamwambia.

Mke wangu akatugeuzia mgongo, akajifanya anafunga kitenge chake vizuri. Mabega yalikuwa yanamtikisika.