Kawaida ya Mama

Enzi zetu pale Nyakitonto, Kiingereza kilikuwa kitu cha kuvaa shingoni. Ukishikwa unaongea Kiswahili shuleni, achilia mbali Kiha cha nyumbani, unavishwa kibao chenye kamba ya katani, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako naye ameteleza. Matokeo yake, hakukuwa na shule kimya kama yetu. Wakati wa mapumziko tulicheza rede kwa ishara kama mabubu, huku tunatafuna mihogo mibichi tuliyoificha ndani ya sweta. Wanangu wanaonuna chipsi zikipoa wangekonda kwa siku tatu.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Mhina, mtu wa Tanga. Baridi yetu ya asubuhi ilimtesa hadi akawa anafundisha amevaa koti na kofia ya sufu. Neno lililomkera kuliko yote lilikuwa "kawaida".

"Nyie watu wa huku, kila kitu kawaida!" alifoka siku moja, akaandika ubaoni: ordinary, common, usual, normal. "Ugali kwa maharage ni ordinary, hakuna atakayeita majirani waje kuushangaa. Malaria ni common, kila nyumba wanaijua. Zabroni kuchelewa ni usual, ndiyo desturi yake. Lakini je, ni normal? Ni sawasawa mtu kuingia darasani saa nne?"

"Hapanaaa!" tuliitikia kwa Kiswahili safi, tukasahau kibao. Zabroni mwenyewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, suruali imelowa umande hadi magotini, alicheka kuliko sisi sote.

Kiangazi cha mwaka huo wakaja madaktari wageni kupima watu kwenye zahanati yetu. Mama alikuwa mjamzito, mimba imekua, na uso wake ulikuwa umevimba kidogo. Hakutaka kwenda. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemsukuma, akaniambia nimsindikize.

Foleni ilizunguka jengo zima. Tulipofika mbele, muuguzi aliyekuwa akitafsiri aliitwa mbio chumba cha kujifungulia. Daktari, mzee mwembamba mwenye miwani, akaangalia sare yangu ya sekondari, akaniuliza kwa Kiingereza kama naweza kumsaidia. Nilikuwa sijawahi kuongea Kiingereza na mtu ambaye hakuwa na fimbo.

Aliuliza kama mama anaumwa kichwa.

"Mwambie ni kawaida yangu," mama alijibu, tayari ameshashika kanga yake ainuke. Maharage yalikuwa yanamsubiri shambani.

Neno "normal" lilishafika kwenye ulimi. Daktari naye alishanyoosha mkono kutuonyesha mlango. Nikamwona akilini Mwalimu Mhina na kofia yake ya sufu. Kichwa kilimuuma mama kila siku, hilo kweli. Lakini ni sawasawa mtu kuumwa kila siku?

"It is usual," nikasema. "But doctor, it is not normal."

Mzee yule akarudisha mkono. Akamkalisha mama, akambonyeza miguu, akampima presha, akampima tena. Akauliza habari za macho, na mama akakiri kwa shingo upande kwamba siku hizi anaona vimulimuli. Jioni ile tulikuwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Kasulu mjini.

Njiani mama alinikazia jicho. "Ulimwambia nini yule mzungu?"

"Nilimwambia kichwa kinakuuma kila siku."

"Mimi nilikutuma useme ni kawaida!"

"Ndivyo nilivyosema, mama. Ila wenzetu kawaida zao ni nyingi."

Akavuta kanga yake hadi kidevuni, akanigeuzia mgongo mpaka hospitali. Huko wakatuambia presha ilikuwa imepanda vibaya sana, angechelewa kidogo wangempoteza yeye na mtoto. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama njiwa, akilia kwa hasira. Leo ana duka Kakonko na tumbo linalotangulia mlangoni.

Binti yangu sasa yuko kidato cha pili, anaongea Kiingereza cha katuni, kinatoka puani na hakitafuti neno. Kibao hakijui, na namshukuru Mungu. Lakini Kiha hana hata cha kuombea maji, na mama yangu, uzee ulivyomwingia, Kiswahili chote kimemtoka. Likizo iliyopita nilimpeleka Nyakitonto. Bibi yake akamshika mashavu, akamsemesha maneno mengi, matamu, ya polepole. Mtoto akatabasamu tu, akanigeukia.

"Mama, Bibi anasemaje?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno, nikafungua kinywa. Nikatafuta kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kiingereza, na sikupata neno la kumpa.