Mpishi wa Mia Nne na Mdomo Mmoja

Mwanamke aliyelisha watoto mia nne kila siku alishindwa kumlisha mmoja. Kinyozi hajinyoi, walisema wenye midomo yao mtaani, wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwaka wa tisa sasa, na wanafunzi walimwita Mama Sufuria, jina alilolipenda kwa sababu alilipata kwa jasho lake. Alijua kupika madebe ya maharage bila kuunguza hata punje moja. Lakini nyumbani alikuwa na binti wa miaka miwili na miezi minne, ambaye baba yake alimwita Bosi, na Bosi akishafunga mdomo hakuna fundi wa kuufungua.

Hofu yenyewe ilianzia kliniki. Nesi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimning'iniza Bosi kwenye mizani, akangoja mshale utulie, akasoma kilo tisa na robo. Mwezi uliotangulia zilikuwa tisa na nusu, na mwezi wa nyuma yake kumi kamili. Kwenye kadi ya mtoto ule mstari wa kalamu, ambao kwa watoto wengine hupanda, kwa Bosi ulikuwa unateremka.

"Damu yake nzuri, hana minyoo, koo halina kidonda," nesi alisema. "Huyu hali tu, dada. Nakupa wiki mbili. Akishuka tena, namlaza."

Mtu mwingine angesikia kulazwa akawaza godoro na foleni ya dawa. Mama Sufuria aliwaza kaburi. Alipokuwa na miaka minane, mdogo wake wa kiume alikataa chakula. Watu wazima wakasema mwacheni, akiona njaa atakula. Aliona njaa, hakula, na siku ya tisa walimzika. Ukubwani alikuja kuelewa kwamba mtoto yule alikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, lakini woga hauombi cheti cha daktari. Kila jirani aliyemwambia "atakula tu akiona njaa" alimfanya asikie udongo ukimwagwa.

Basi akaanza vita. Siku ya kwanza alipika uji wa lishe wenye karanga na maziwa, mzito wa kusimamisha kijiko. Bosi alionja kwa ncha ya ulimi, akautema kwenye gauni lake. Siku ya pili viazi vya kuponda, akavichora macho na mdomo kwa karoti. Bosi alifurahia sana yale macho, akayatoa moja moja, akayatupa uvunguni. Yai la kuchemsha alilikubali mkononi tu, akatembea nalo nyumba nzima kama mtu aliyepewa zawadi, mpaka likavunjika. Boga, hapana. Samaki aliyetolewa miiba mmoja mmoja kwa macho ya mpishi, hapana. Wali na nyama ya kusaga, alikula punje kumi na moja. Mama yake alizihesabu.

Mama mkwe, aliyeishi nao na kumlea mjukuu mchana kutwa, alishika upande wa miguu, mama akashika kijiko, na baba mtu akapiga makofi na kuimba. Watu wazima watatu wamekodoa macho kwenye kinywa kidogo kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Bosi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akageuza uso ukutani.

"Mimi bomba likiziba," alisema baba yake, ambaye alikuwa fundi bomba, "kwanza natafuta limezibia wapi. Siji na koleo tu."

"Mtoto si bomba, baba Bosi."

"Najua. Nasema tu."

"Basi usiseme."

Alijuta hapohapo, kwa maana mumewe alikuwa mpole na woga haukuwa wake. Lakini alikuwa amebakiza siku tisa, na hakuweza kuwa na heshima na hofu kwa wakati mmoja.

Siku ya sita aliamka na moyo unamwenda mbio kabla hajajua kwa nini. Alipomvalisha Bosi, kidole chake kilipita kwenye mbavu, ubavu baada ya ubavu, na jasho jembamba likamtoka. Kazini mikono ilifanya yake na kichwa kikabaki nyumbani. Ninyi mnaomfahamu mpishi wa masufuria makubwa mtajua anavyofanya kazi: tangu asubuhi anadondosha mchuzi kiganjani, analamba, anatikisa kichwa, anaongeza hiki, anadondosha tena. Siku ile hakulamba. Kila alipopeleka kiganja mdomoni, alikishusha na kukifuta kwenye aproni. Akapika kwa mazoea bila kuonja, na maharage akayatia chumvi mara mbili.

Mwalimu mkuu alikuja jikoni mwenyewe na sahani yake mkononi.

"Mama Sufuria, leo umetupikia bahari?"

Wasaidizi wake walicheka, naye akajitahidi kucheka. Kisha akaomba ruhusa, akaingia stoo, akakaa kwenye gunia la mchele na kulia kwa sauti ya chini. Miaka tisa chakula chake hakikuwahi kurudishwa. Sasa hata hicho kimekwenda, alijiambia, na mtoto atakwenda.

Alirudi nyumbani alasiri, hana kitu tumboni tangu jana yake. Mama mkwe alimkabidhi mtoto, akatoka kwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. "Amekunywa chai kidogo tu," alisema mlangoni bila kumtazama mkwewe usoni, kwa sababu naye alikuwa anaogopa.

Alipika wali laini na yai, akaweka boga pembeni, akamkalisha Bosi kwenye mkeka. Kijiko cha kwanza kiligonga meno. Cha pili kikapanguswa kwa mkono, wali ukaruka mpaka kwenye pazia. Cha tatu alikisukuma. Alikisukuma kweli, mpaka mtoto akapaliwa na kukohoa, na Mama Sufuria akaona mkono wake mwenyewe wa kulia uko juu, umenyooka, tayari kuteremka na kofi.

Bosi alikuwa ameufunga uso kwa mikono miwili.

Hakuna kilichomtisha zaidi ya hapo, wala mizani, wala wodi, wala kaburi la mdogo wake. Aliushusha mkono taratibu kama mtu anayeweka chini kisu. Akageuka, akampa mtoto mgongo ili asiuone uso wake, na kwa kuwa sahani ilikuwa mapajani na njaa ya siku nzima ilikuwa imemkamata ghafla, akaanza kula. Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, machozi na kamasi vikishuka, wala hakujali. Boga lilikuwa tamu. Alishangaa kwamba lilikuwa tamu.

Kisha akasikia nyayo ndogo kwenye mkeka, zikazunguka upande wa kushoto. Mkono ukashika goti lake. Bosi alikuwa amesimama, anaangalia mdomo wa mama yake ukitafuna, anaangalia sana, kama watu wanavyoangalia fundi akifungua redio. Na taya lake dogo lilikuwa linacheza, juu chini, tupu.

"Mama anakula," Bosi alisema.

Wali ukiwa unakauka hufunui kifuniko, hilo Mama Sufuria alilijua kuliko mtu yeyote. Alitengeneza tonge jingine, dogo, akalileta karibu na mdomo wake polepole, moyo ukimdunda masikioni. Katikati ya safari mdomo wa Bosi ulifunguka. Tonge likabadili njia.

Alikula matonge saba. La nane alilitema, akaenda kucheza.

Alibaki pale na sahani tupu, akili ikirudi kidogo kidogo. Lini mara ya mwisho mtoto huyu alimwona mtu akila? Yeye mwenyewe hushiba kwa kiganja kazini, akifika nyumbani harufu tu ya chakula inamkinaisha, hajipakulii kamwe. Mumewe hula na mafundi wenzake huko huko kwenye kazi, akirudi anadai maji. Na mama mkwe, tangu meno ya mbele yalipomtoka, hula chumbani kwake nyuma ya pazia, mgongo mlangoni. Miezi mingi mtoto alikuwa analetewa vitu kwenye sahani na watu ambao wao wenyewe hawavigusi, wamemkazia macho ya hofu. Hata mimi ningekataa, alijiambia. Ningedhani ni sumu.

Jioni aliwakalisha chini. Mumewe alielewa upesi, akasema kuanzia kesho atarudi na njaa yake. Shida ilikuwa kwa mama mkwe.

"Nitafune mbele ya mwanangu na mkewe, kama mbuzi asiye na meno?" Bibi alishika ncha ya kanga mdomoni. "Mwanangu, niombe kingine."

"Mama, nisingekuomba. Naogopa," alisema Mama Sufuria.

"Unaogopa nini hasa?"

Akamweleza habari za mdogo wake, siku zote tisa. Hakuwahi kumsimulia mtu katika nyumba ile. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaishusha ile kanga, akavuta sahani yake karibu.

Msidhani mambo yalinyooka kama uzi. Siku ya nane Bosi alikula viazi vya bibi yake, akicheka jinsi ufizi unavyoponda. Siku ya kumi hakugusa kitu kutwa nzima, na Mama Sufuria alikaa mbele ya sahani yake akimeza wali uliokuwa kama mchanga, akijikaza asimtazame, kucha zimezama kwenye goti. Siku ya kumi na moja mtoto aliiba samaki kwenye sahani ya baba yake. Siku ya kumi na mbili na ya kumi na tatu alikula kidogo. Kidogo ni kiasi gani, hakuna aliyejua, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kuhesabu.

Siku ya kumi na nne nesi alimning'iniza Bosi kwenye mizani. Mshale ukacheza. Mama Sufuria alitazama sakafu, akazihesabu pembe za vigae, akasikia mtu akipumua kwa nguvu na hakujua kuwa ni yeye.

"Tisa na nusu kasoro kidogo," nesi alisema. "Amepanda."

Ilibidi ashike ukingo wa meza.

"Simlazi. Lakini niambie," nesi akachukua kalamu, "umempa nini? Nina akina mama sita pale kwenye benchi wanalia kilio hikihiki."

Mama Sufuria alifikiri uji, viazi, boga, samaki. Vyote alivipika na vyote vilitupwa.

"Sikumpa kitu, nesi. Nilikula mimi."

Nesi hakuandika. Alimtazama kwa mara ya kwanza yeye na si mtoto. Alitazama shingo yake, mifupa ya mabega, gauni la kazi lililofungwa kwa pini mbili kiunoni. Kisha akaonyesha mizani ya watu wazima iliyokuwa kwenye kona.

"Hebu panda."

"Mimi? Mimi ni mpishi, nesi."

"Panda, dada."

Akavua viatu, akapanda. Bosi, mikononi mwa nesi, aliinamia namba kama anayeweza kuzisoma. Nesi alizisoma mara mbili. Kisha akaifungua kadi ya mtoto, na chini ya kilo za Bosi akaandika kilo nyingine.

"Wiki mbili," alisema. "Mrudi wote wawili."